Kukloni au kusakinisha upya: njia mbili za kuhamishia mfumo kwenye SSD

SSD, ile hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, umeshainunua, iko mezani ndani ya kijiboksi chake. Diski ngumu ya zamani bado inanguruma ndani ya mashine, na Windows ikiwaka unapata muda wa kwenda kuchemsha chai na kurudi kabla kivinjari hakijafunguka. Sasa uamue. Utanakili diski nzima kama ilivyo na kuimwaga kwenye SSD, kazi ambayo mafundi huiita kukloni, au utaweka SSD tupu na kusakinisha mfumo upya?

Mabishano juu ya jambo hili hayaishi, na mengi huanzia pasipo pake, yaani kwenye kasi. Utaambiwa mfumo uliokloniwa "hauwi mwepesi". Nimefanya kazi hii kwa njia zote mbili, kwenye mashine zangu na za watu, na tofauti ya kasi niliyoiona ni ndogo mno kuweza kuamua lolote. Mimi naangalia mawili: afya ya mfumo uliopo leo, na idadi ya vitu vilivyomo ambavyo huwezi kuvirudisha kwa jioni moja.

Kasi inatoka wapi

Diski ngumu ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Faili ikihitajika, mkono husogea, kisha husubiri sahani izunguke mpaka pale panapotakiwa pafike chini yake. Safari hiyo huchukua milisekunde kumi na ushei, kwa hiyo diski husoma vipande visivyofuatana kama mia moja tu kwa sekunde. Kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. Hapo ndipo dakika zako zinapopotelea.

SSD haina mkono wala sahani. Hata ile ya SATA, yaani inayotumia muunganisho uleule wa diski ngumu, ambayo ukomo wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, hujibu kabla milisekunde moja haijaisha. Za NVMe, zinazopita njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe, hufika megabaiti 3,500 kwenye PCIe 3.0 na hukaribia 7,000 kwenye PCIe 4.0. Namba hizo zinapendeza kwenye boksi, lakini katika kuwasha mashine na kufungua programu za kawaida, mruko mkubwa ni ule wa kutoka diski ngumu kwenda SSD yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe ni hatua fupi.

Ukikloni, programu ishirini zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi zitahama nawe na zitaendelea kujiwasha. Ila sasa zitajiwasha haraka. Unaweza kuzizima kwa dakika tano bila kufuta mfumo mzima.

Kuna sehemu moja ambapo kukloni kunaweza kweli kupunguza kasi. Patisheni, yaani mafungu ambamo diski hugawanywa, zilizotengenezwa enzi za Windows XP zilianzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya 63, mahali pasipolingana na vipande vya kilobaiti 4 ambavyo diski za sasa huandikia. Tangu Vista, Windows huanzia megabaiti 1 kamili na tatizo halipo. Kwa hiyo kama mfumo wako haujawahi kurithi patisheni za XP, hoja hiyo isikutishe.

Kabla ya kuchagua, chungulia mashine

Kwanza, mlango wa SSD. Ya inchi 2.5 hukaa palepale ilipokuwa diski ngumu ya laptopu. Ya M.2 ni kipande kama kijiti cha bazoka, mara nyingi upana milimita 22 na urefu 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Sasa hapa watu huteleza: M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za SATA na za NVMe, na mlango unaopokea aina moja si lazima upokee nyingine. Mashine za zamani zaidi zina balaa jingine: ukiweka NVMe kwa adapta, zinaiona kama ghala la faili lakini hazikubali kuwaka kutoka kwake.

Pili, namna mashine inavyowaka. Andika `msinfo32` kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha utafute mstari wa hali ya BIOS. Ukikuta UEFI, yaani njia mpya ya kuwashia, shwari. Ukikuta Legacy, ile ya zamani, diski yako ina mpangilio wa zamani wa MBR, na ukikloni utaihamisha MBR hiyo hiyo. Kwa SSD ya SATA itawaka bila shida. Kwa NVMe karibu kila mara utahitaji UEFI, maana yake ubadilishe kwanza kwenda GPT, mpangilio mpya wa diski. Ipo amri ya `mbr2gpt`, iliyokuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2017, na hufanya kazi hiyo bila kufuta faili. Lakini hapo tayari umeongeza hatua ya hatari kwenye njia uliyoichagua kwa sababu ni rahisi.

Tatu, afya ya diski ya zamani. Programu yoyote inayosoma taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, itakuonyesha idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Namba ya zinazosubiri ikiwa juu ya sifuri, mjadala umeisha: okoa nyaraka kwanza, halafu sakinisha upya. Programu za kukloni hukwama kwenye sekta mbovu, na kila saa unayoendelea kuilazimisha diski inayokufa unaisogeza kaburini. Kama kuna kitu humo lazima kiokolewe kizima kizima, chombo chake ni `ddrescue` kwenye Linux, ambacho husoma palipo pazima kwanza na kurudi kwenye vidonda baadaye.

Upande wa kukloni

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kesho yake unaendelea na kazi. Madirisha yaleyale, picha ileile nyuma, printa ileile inayokubali kuchapa. Mzee mmoja mhasibu aliniletea kompyuta yenye programu ya mahesabu ambayo kampuni iliyoiuza ilishafunga duka. Diski ya kusakinishia haipo, leseni iliandikwa kwenye karatasi iliyoliwa na panya. "Kijana, ukiipoteza hii, miaka kumi na miwili ya vitabu vyangu imekwenda," akaniambia. Mashine ya namna hiyo huifikirii mara mbili. Unakloni.

Vyombo vipo. Clonezilla ni ya bure, huwashwa kutoka kwenye flashi, na sura yake ni maandishi matupu yanayoweza kumtisha mgeni. Rescuezilla hufanya kazi ya aina hiyo kwa madirisha na vitufe. Watengenezaji wengi wa SSD hutoa programu zao. Ile ya Samsung, kwa mfano, hukubali tu kama SSD unayohamia ni ya Samsung. Macrium Reflect ilikuwa kipenzi cha wengi, ila toleo lake la bure limesitishwa.

Muda unategemea njia ya kupita. Chukulia una gigabaiti 250 za data. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa diski ngumu yenyewe, ni kama dakika 42. Ukiunganisha SSD kwa tundu la USB 2.0, unashuka mpaka megabaiti 35 hivi, na kazi hiyo hiyo inakula saa mbili. Tafuta tundu la USB 3.

Matatizo ya kukloni yako kwenye vitu vidogo ambavyo programu hazikuambii mapema.

Ukubwa ndio wa kwanza. Watu wengi wanatoka kwenye diski ya terabaiti 1 kwenda SSD ya gigabaiti 500. Clonezilla kwa kawaida hutaka diski unayohamia iwe sawa au kubwa zaidi, hata kama data yenyewe ni kidogo. Inabidi uipunguze patisheni kwanza, na Windows inaweza kukugomea: una gigabaiti 700 tupu, inakuambia utapunguza 90 tu. Sababu ni faili zisizohamishika zilizokaa katikati ya diski, hasa ya kumbukumbu pepe na ile inayohifadhi hali ya kompyuta inapolala. Zima kulala kwa `powercfg /h off`, zima kwa muda kumbukumbu pepe na urejeshaji wa mfumo, washa upya, jaribu tena. Kwa kawaida inakubali. Ukihamia SSD kubwa zaidi kuna kero ya upande wa pili: patisheni ya uokoaji inabaki imekaa kati ya C na nafasi mpya, kama gari lililoegeshwa mlangoni, na C haiwezi kupanuka mpaka uisogeze. Programu ya GParted huisogeza.

Usimbaji fiche, yaani kufungia data kwa ufunguo wa siri, ndio wa pili, na huu ndio unaowapata watu usingizini. Laptopu nyingi za miaka hii husimba diski zenyewe bila mwenye mashine kujua. Andika `manage-bde -status` kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi uone. Diski ikiwa imesimbwa, Clonezilla haioni faili, inaona vurugu tu, hivyo hunakili kila sekta pamoja na zilizo tupu. Njia ya usalama ni kuondoa usimbaji kwanza, kukloni, kisha kuurudisha ukishatulia. Na ule ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 uwe umeandikwa mahali nje ya kompyuta hiyo. Nje, sio kwenye faili la Desktop.

Kisha kuna kuzima. Windows ikizimwa kwa kitufe cha kawaida, mara nyingi haizimiki kabisa. Hulala nusu ili iwake upesi kesho. Programu nyingine ikiikuta katika hali hiyo hukataa kuigusa. `shutdown /s /t 0` huizima kikweli.

Mwisho, ukishamaliza kunakili, toa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Sasa una diski mbili zenye kitambulisho kimoja. Windows ikiziona pamoja huzima mojawapo, na huwezi kujua ni ipi mpaka uangalie. Kama ulitoka SATA kwenda NVMe na ukakutana na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, usikate tamaa: mfumo haukuzoea kupakia mapema draiva ya NVMe, programu ndogo ya kuiendeshea. Kuuwasha mara moja katika hali salama (Safe Mode) mara nyingi hutosha kuuzindua.

Upande wa kusakinisha upya

Hapa kazi ya kiufundi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Flashi ya gigabaiti 8, programu ya Microsoft ya kuitengeneza, na kwenye SSD usakinishaji wenyewe mara nyingi hauvuki nusu saa. Leseni nayo isikuhangaishe. Tangu Windows 10, leseni ya kidijitali imefungwa na vifaa vya mashine, zaidi mazabodi, siyo diski. Ukichagua toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajitambua ikipata intaneti. Unaporuka hatua ya kuingiza namba huibiwi wala huibi.

Ila onyo moja, na hili nililipia kwa jasho langu. Nilisakinisha Windows kwenye SSD mpya huku diski ngumu ikiwa bado imechomekwa. Kila kitu kilikwenda vizuri, mashine inawaka kwa sekunde chache, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye nikatoa diski ngumu ili nimpe ndugu yangu. Kompyuta ikagoma kuwaka. Kumbe kisakinishi kilikuta patisheni ya EFI kwenye diski ya zamani, kikaweka faili za kuwashia humo, na Windows yenyewe kwenye SSD. Mlango nyumba moja, chumba nyumba nyingine. Nilihangaika usiku kucha kutengeneza patisheni mpya ya EFI na kuijaza kwa `bcdboot`. Toa diski ya zamani kabla ya kusakinisha. Kama haitoki kirahisi, chomoa kebo yake.

Kwenye baadhi ya laptopu zenye vichakataji vya Intel, kisakinishi hufika kwenye orodha ya diski na kukuonyesha utupu, kana kwamba SSD haipo. Ipo. Imefichwa nyuma ya kidhibiti cha VMD, na unahitaji kuipakia draiva yake kutoka kwenye flashi. Ipakue kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu kabla hujaanza, maana baadaye utakuwa huna kompyuta ya kuipakulia.

Gharama halisi ya njia hii huja baadaye, kwa siku kadhaa. Nyaraka na picha kila mtu hukumbuka. Vinavyosahaulika ni vile vilivyojificha, vingi kwenye folda ya AppData: nywila za kivinjari ambazo hazikuwahi kusawazishwa na akaunti, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya mashine katika faili la .pst, mipangilio ya programu uliyoitengeneza polepole kwa miaka. Ongeza fonti, vyeti vya kidijitali vya kuingilia mifumo ya kazini, na programu zilizolipiwa ambazo huruhusu kusakinishwa mara chache na zinataka uziage kwanza kwenye diski ya zamani. Faida ni kwamba diski ya zamani bado iko nawe na faili zote zimo. Programu hazichomoki hivyo. Kunakili folda ya programu kutoka diski moja kwenda nyingine, mara nyingi, ni kuhamisha kitanda bila nguzo.

Unachopata badala yake ni mfumo usio na historia. Kama mashine iliwahi kupata kirusi, kama kila sasisho hushindwa kwa namba ya makosa isiyoeleweka, kama ilishahama kutoka Windows 7 hadi 8 hadi 10 bila kufutwa, kukloni ni kuhamisha ugonjwa kwenye kitanda kipya. Halafu kuna kalenda: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako ina UEFI na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) na kichakataji kinachokubalika, ukisakinisha Windows 11 moja kwa moja kwenye SSD umeua ndege wawili. Ingawa, kusema kweli, unaweza pia kukloni leo na kupandisha toleo wiki ijayo.

Wa Linux mkae kidogo

Kwenu mambo ni mepesi zaidi kwa njia zote mbili, kwa kuwa draiva nyingi zimo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, yenyewe. Kusakinisha upya na kurudisha folda ya /home ni kazi ya alasiri moja. Mkikloni, kumbukeni kwamba UUID, yaani vitambulisho, za patisheni nazo zimekloniwa; diski zote mbili zikiwa ndani, mfumo unaweza kuwaka kutoka SSD huku ukiwa umepanda kwenye mizizi ya diski ya zamani, nanyi mkashangaa mbona bado mzito. Mkinakili faili badala ya diski nzima, UUID zitakuwa mpya, kwa hiyo /etc/fstab, orodha ya patisheni, irekebishwe na GRUB, programu ya kuwashia, isakinishwe tena. Na `dd`, amri ya kunakili diski, wapendwa, haiulizi swali. Ukibadilisha `if` (chanzo) na `of` (lengo), itakunakilia utupu wa SSD juu ya maisha yako yote. Endesha `lsblk` kwanza, soma ukubwa wa kila diski.

Basi nani achukue ipi

Mashine ya kazi yenye programu za ajabu ajabu, mfumo mzima wa afya, UEFI kwa UEFI: kloni bila kusita. Laptopu ya mwanafunzi ambayo maisha yake yote ni kivinjari na nyaraka zilizo tayari kwenye hifadhi ya mtandaoni: sakinisha upya, utamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mashine ya Legacy inayohamia NVMe, diski yenye sekta zinazosubiri, mfumo uliowahi kuugua: sakinisha upya, hata kama roho inauma. Laptopu ya mwajiri iliyosimbwa na kusimamiwa na watu wa TEHAMA: usiiguse, wapelekee wao.

Walio katikati, ambao ndio wengi, nawashauri waanze na kukloni. Ukiwa makini usibadilishe chanzo na lengo, kukloni hakugusi diski ya zamani, na kama matokeo hayakuridhishi, unaifuta SSD na kusakinisha upya ukiwa umepoteza saa mbili tu. Anayeanza na kusakinisha upya naye anaweza kurudi nyuma, lakini akikumbuka kitu cha kumi na tano alichokisahau huwa ameshaanza kazi mpya kwenye SSD, na sasa ana mifumo miwili yenye nusu ya kila kitu.

Njia yoyote utakayoshika, ukishawaka kwenye SSD andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, Windows inaipa SSD taarifa za faili zilizofutwa, yaani TRIM inafanya kazi. Kwenye Linux angalia kama `fstrim.timer` imewashwa. Kuhusu kupanga upya diski kama zamani, huna haja ya kufanya kwa mkono. Windows inajua hii ni SSD na huitunza inavyotakiwa.

Diski ya zamani iweke kwenye droo mwezi mzima, na lebo yenye tarehe. Mwezi ukipita bila kuifungua, unaweza kuirudisha kwenye mashine kama ghala la video na picha. Patisheni zake za EFI na za uokoaji hazifutiki kwa kubofya tu; utahitaji `diskpart`, kisha kuichagua diski, kisha `clean`, inayofuta kila kitu. Namba za diski zinaweza kubadilika ukihamisha kebo, kwa hiyo andika `list disk` palepale na uangalie ukubwa wa kila moja kabla ya kuandika neno hilo la mwisho.